Kwa nini hapigi kelele? Jinsi ya kutengeneza filamu ya majambazi kuvamia nyumba, stelingi akiwa binti

Mimi ni mpiga video, Tanga mjini. Harusi, maulidi, kipaimara, hata hitma nikiitwa. Filamu nimetengeneza moja tu, ya dakika 38, yote ndani ya nyumba ya shangazi yangu kule Kange, na ilinichukua miezi saba kwa sababu niliipiga mara mbili. Ya kwanza niliitupa. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningeyajua mapema ningeipiga mara moja.

Aina yenyewe unaijua: usiku, wakubwa hawapo, ndani kabaki binti wa miaka kumi na kitu, na watu wenye nia mbaya wanaingia. Kwa mtu mwenye kamera moja na mfuko mtupu hakuna hadithi nafuu kuliko hii. Nyumba moja, waigizaji watano, usiku mmoja. Ndiyo maana wengi tunaanza nayo, na ndiyo maana nyingi zinachosha zikifika dakika ya kumi.

Usiku walipokuja watu arobaini

Siku ya pili ya kupiga, kama saa nne usiku, kijana aliyecheza jambazi alivaa mzula, akashika panga la plaiwudi tulilolipaka rangi ya fedha, akapanda ukuta wa nyuma. Mimi nilikuwa ndani na kamera nikisubiri mguu wake utue uani. Mguu haukutua. Bodaboda mmoja alikuwa anapita uchochoroni, akamwona, akatoa neno moja: "Mwiziii!"

Nilipofungua mlango wa uani, bado natafuta ndala zangu kwa vidole vya miguu, geti lilikuwa linapigwa mawe. Nje watu kama arobaini. Wanaume na taulo kiunoni, vijana na vipande vya nondo, bibi mmoja na mchi wa kinu. Kijana wangu kajikunyata juu ya tangi la maji, analia machozi ambayo sikuwa nimeyapata kwenye teki yoyote. Aliyemwokoa ni mama muuza vitumbua wa pale kona. Alimmulika tochi, akamwamuru avue mzula, akasema, "Kha! Huyu si yule anayecheza singeli kwenye maharusi?" Watu wakacheka, wakanitukana mimi, wakaenda kulala. Kijana hakurudi tena kwenye filamu, na simlaumu.

Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemwarifu mtu yeyote mtaani. Hilo la barua nitalifikia. Lakini usiku ule, nimekaa barazani mikono inatetemeka, niliona tatizo kubwa kuliko barua. Neno moja limeleta watu arobaini kabla sijavaa ndala. Na stelingi wangu, kwenye mswada niliouandika mwenyewe, anakimbizwa ndani ya nyumba hiyohiyo nusu saa nzima, majirani wako ukuta wa pili, na hafungui mdomo. Kwa nini?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiga tu.

Kwenye *Halloween* ya mwaka 1978, aliyoiongoza John Carpenter, kuna tukio moja la jirani. Laurie, msichana anayelea watoto wa watu usiku huo, anakimbilia nyumba ya karibu, anagonga, anapiga mayowe. Taa ya nje inawashwa, mtu anachungulia, taa inazimwa. Basi. Mmarekani wa vitongoji vile tukio hilo linamuuma kwa sababu analiamini. Lilete Ngamiani, watazamaji watacheka. Kwetu hofu ya yowe iko upande wa pili: watakuja wote, na ukishawaita huwezi kuwarudisha.

Kwa hiyo kabla hujagusa kamera, chukua karatasi uandike juu kabisa: kwa nini hapigi kelele? Ukikosa jibu, usipige.

Majibu mepesi nimeyapitia yote. Mvua ya masika juu ya bati: inafaa na ni kweli, maana ikinyesha ile ya Aprili humsikii hata mliyelala naye kitanda kimoja. Ila mvua haiagizwi, na ya kutengeneza kwa mpira wa maji huonekana ni mpira wa maji. Kigodoro mtaa wa pili, spika zinavuma hadi alfajiri: hilo ni nafuu, sauti unaipandikiza wakati wa kuediti. Nyumba iliyo peke yake katikati ya mapagale: picha nzuri, lakini mtazamaji atauliza wenye akili zao walimwachaje mtoto pale. Kumziba mdomo kwa kitambaa: sasa hana la kufanya, na stelingi amekuwa kitambaa.

Yote hayo yana kasoro moja. Yanamfunga mdomo kutoka nje. Mvua ikikatika, muziki ukizimwa, anapiga yowe na hadithi imekwisha. Mimi nilitaka sababu iliyo tumboni mwake, ambayo hata mtaa ukinyamaza kimya na jirani akikohoa ukuta wa pili, yeye bado anaimeza sauti.

Nilipewa na dada anayemsaidia shangazi kazi za nyumbani. Nilikuwa namsimulia jikoni masaibu yangu, yeye anakuna nazi, wala hakuinua uso. Akasema, "Mimi nisingepiga kelele. Wangesema ni mimi niliyewafungulia."

Mswada ukageuka palepale. Mara ya kwanza stelingi alikuwa mtoto wa mwenye nyumba, yuko likizo kutoka bweni. Mara ya pili ni dada wa kazi, miaka kumi na saba, yuko mjini mwezi wa tano, analala chumba cha pembeni ya stoo. Nyumba anaijua kuliko wenyewe kwa sababu anaipiga deki kila siku: anajua kigae kilichoachia, mlango unaolia, swichi inayotaka kubonyezwa mara mbili. Na kati ya wale watatu wanaoingia, huyo wa nyuma anayeshika tochi ni kaka yake, tumbo moja. Akipiga yowe la mwizi, kaka yake hafiki getini akiwa hai. Akinyamaza, kukicha yeye ndiye mshirika wao.

Mvua sikuihitaji tena.

Ila mahali fulani lazima afungue mdomo, maana hilo ndilo watazamaji wanalokusubiria. Nililala na kuamka na swali la neno atakalolitoa, hadi dada yuleyule akanipa: "Si aseme moto?" Ukisema mwizi watu wanakuja na mawe. Ukisema moto wanakuja na ndoo. Tukio langu lote la mwisho limesimama juu ya tofauti hiyo. Nilimlipa dada kama mwandishi mwenza, na jina lake limo kwenye orodha mwisho wa filamu, juu ya langu.

Binti mwenyewe

Anza na umri, maana sheria ipo. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wewe filamu yako nzima ni ya usiku. Basi mtafute aliyevuka 18 mwenye umbo la udogo. Jamie Lee Curtis alikuwa na miaka 19 alipocheza Laurie mwanafunzi wa sekondari, na hakuna aliyelalamika. Kama umempata mtoto ambaye huwezi kumwacha, usiku wako upige mchana kwa namna nitakayoeleza, mzazi awepo toka mwanzo hadi mwisho, na shule asikose. Mimi nilimchukua mwanafunzi wa chuo wa miaka 20, mfupi, sauti nyembamba, mvivu wa kuamka. Ule uvivu tuliuingiza kwenye hadithi.

Jambo jingine nalisema kama mjomba wa mabinti wanne: usitie kitisho cha ubakaji ili tumwogope jambazi. Ni uvivu wa mwandishi. Wape majambazi shida yao, iwe ndogo na ya kueleweka. Wangu walikuwa wanatafuta fedha ya mauzo ya kiwanja iliyolala ndani kwa sababu benki ilikuwa imeshafungwa Ijumaa ile. Wanajua kiasi chake, hawajui ilipo. Binti anajua ilipo, kwa sababu ndiye anayetandika vitanda.

Na asiwe karateka. Wazoefu wa vibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kutazamia video, tunajua stelingi hafi. Ukitutisha kwa kifo chake hatutishiki. Tutishe kwa atakachopoteza. Mwili wake uwe wa mtu aliyechoka kwa kazi za kutwa nzima. Mavazi yafikirie pia: dera halikimbiliki, linanasa kwenye kitasa (tulipoteza saa nzima na dera moja). Mimi nilimpa gauni la kawaida na kanga mbili. Kuna pahala, kama dakika ya 21, anaacha kujificha. Hakuna muziki, hakuna uso wa karibu. Anaichukua kanga begani, anaikunja, anajifunga kibwebwe. Mabibi wote waliokuwa wakitazama walisema "haya!" kwa pamoja. Kanga hiyo, kwa wenye macho makali, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Niliitafuta barabara ya 12 hadi nikaipata.

Nyumba yetu ina nondo

Filamu za wenzetu binti anafungua dirisha, anaruka, anakimbilia msituni. Hapa dirisha lina nondo, mlango una mlango mwenzake wa chuma, geti lina kufuli, ukuta umepandwa chupa. Nyumba tayari ni ngome. Kwa hiyo mtazamaji atakuuliza wameingiaje, na usimjibu kwa "mlango ulikuwa wazi".

Liko lile jiwe kubwa waliloliita Fatuma, la kubebwa na watu wawili watatu kubomolea mlango. Linatisha kweli, lakini linaamsha mtaa, na sisi tumeshaamua mtaa usiamke. Ipo njia ya kufumua bati na kushukia darini. Picha ni nzuri, gharama ya dari ya shangazi ni yako. Nilichokitumia ni kitu cha vibaka: mti mrefu wenye ndoano ya waya, ule wa kuvulia suruali kupitia dirishani. Wangu unavua funguo. Kaka mtu aliwahi kuja kumsalimia dada yake mwezi uliopita, akaona msumari zinapotundikwa. Dakika tatu nzima mti unapapasa ukutani gizani, na binti amelala mkekani macho wazi anautazama, bado hajui ni mkono wa nani. Watu wakinisimamisha njiani ni kuniuliza habari ya mti ule.

Ngome ikishaingiliwa huwa jela. Funguo wanazo wao, na dirisha lisilomwingiza mwizi halimtoi mwenyeji. Kwa hiyo ujue kila dakika funguo iko mfukoni mwa nani. Niliandika pembeni ya kila ukurasa wa mswada: funguo kwa fulani.

Kisha chora ramani. Si kichwani, kwenye karatasi, ukutani kwako. Halafu dakika saba za mwanzo mtembeze mtazamaji nyumba nzima bila yeye kushtuka: binti anapiga deki, anatoka chumba cha mama, anashika korido, anapita mlango wa choo, sebule, baraza, anarudi jikoni, anamwaga maji uani. Kamera inamfuata. Usiku ukifika, mtazamaji anajua stoo iko kushoto hata akiwa haoni kitu. Toleo langu la kwanza korido niliipiga kutoka pande zote mbili kwa kujidai, na rafiki yangu akaniuliza nyumba ya shangazi ina korido mbili tangu lini. Chagua upande mmoja, kaa hapo.

Tarakimu ishirini

Hadithi hizi zinataka kitu kinachopungua. Kwenye *Panic Room* ya David Fincher, 2002, mama na bintiye wamejifungia chumba cha chuma, binti ana kisukari, sukari inashuka na dawa yake iko nje, walipo majambazi. Hapo huhitaji saa ya ukutani. Nilikaa sebuleni kwa shangazi nikitafuta kwangu kinachopungua ni nini, huku kidude cha LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kinanilia masikioni pi, pi, pi.

Uniti zinaisha. Tangu jioni inalia na hakuna anayeijali. Binti ametumwa dukani, hana simu, Mangi mwenye duka kamwandikia namba ya tokeni ya umeme kwenye kipande cha boksi la sigara, mwandiko wa mtu anayehudumia watu wanne kwa mpigo. Kakifunga kwenye pindo la kanga, kazi zikamzidi, akasahau. Saa sita kasoro umeme unakatika, na majambazi hawana habari ni bahati ya nani.

Tokeni ina tarakimu 20, na kila unapobonyeza kidude kinalia. Umeona tukio hilo linavyojiandika? Kwanza anazima swichi zote za nyumba kwa kupapasa, anaacha ya sebuleni peke yake. Kisha anatambaa hadi ukutani. Nne za kwanza, kimya. Nne za pili, mtu korido anasimama. Nne za tatu, anarudi kutembea. Tuliipanga kwa makundi ya nne nne kama ilivyo kwenye risiti, na baada ya kila kundi tunamwona anayesikiliza, si anayebonyeza. Tarakimu ya kumi na saba inaweza kuwa 1, inaweza kuwa 7. Kwa hiyo mchana, dukani, onyesha mwandiko wa Mangi kwa karibu, sekunde mbili tu, usisisitize. Mruhusu akosee mara moja. Mara mbili ni vichekesho. Umeme unaporudi wao wako kwenye mwanga, yeye yuko gizani, na kwa mara ya kwanza anauona uso wa mwenye tochi.

Tukio hilo la dakika nne lilitula siku nzima. Ukiwa na siku nane za kupiga, toa moja kwa tukio moja la namna hii, mengine yatajipanga.

Kabla ya siku hiyo zima taa zote, kaa dakika kumi, angalia nini bado kinawaka. King'amuzi kina nukta nyekundu. Mita ina kitaa. Chaja ina chake. Kwenye *Wait Until Dark* ya 1967 Audrey Hepburn, akicheza mwanamke kipofu, anavunja balbu zote ili adui awe kipofu kama yeye, akasahau taa ya ndani ya friji. Usikubali friji ya shangazi ikufanyie hivyo kwa bahati mbaya.

Mbuzi, mchi na mambo ya jikoni

Silaha za stelingi zitoke jikoni, na kila moja tuwe tumeiona mchana ikifanya kazi yake halali. Mbuzi ya nazi aliikalia akikuna. Usiku imelala korido, meno juu. Sabuni ya maji aliipigia deki. Pilipili aliitwanga akapiga chafya. Ukimtolea kitu ambacho hatujakiona, watu wataguna, na kibanda umiza wanaguna kwa sauti.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Hakuna panga la kweli kwenye seti, hata la kukatia majani. Siku ya kupiga lishinde kwa jirani. Meno ya mbuzi tuliyatoa tukaweka ya kadibodi iliyopakwa rangi. Mchi ni sponji ya godoro iliyofungwa gundi na kitambaa. Mafuta ya moto ni chai ya rangi iliyopoa, na birika la mvuke limefichwa nyuma ya sufuria. Kila kuangushana tulikuhesabu kwa sauti, moja hadi sita, polepole, tukaongeza kasi siku tatu, ndipo tukawasha kamera. Damu ni sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya keki na kijiko cha kahawa isiwe nyekundu ya peremende. Ifute usiku huohuo. Mimi niliiacha sakafuni ili nipate mwendelezo wa kesho. Nilipoamka, sisimizi walikuwa wamechora ramani ya mauaji yote na shangazi kasimama mlangoni na fagio.

Giza linaloonekana

Haraka haraka, maana hili kila mtu anafundisha. Umeme wetu ni wa 50 Hz: kaa fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, vinginevyo tyubulaiti zitakuchezea. Usiku unaweza kuupiga mchana: ziba madirisha kwa nje na turubai jeusi, acha upenyo mmoja, white balance ya kamera iweke kwenye 3200 K, na mwanga wa jua unaoingia utageuka bluu kama mbalamwezi. Kwa hivyo nililala usiku na kupiga saa tano asubuhi, jasho likitutoka kama tuko ndani ya chungu.

Ngozi yetu nyeusi gizani haitaki taa kali ya uso, inataka kitu cha kung'aa. Mafuta ya nazi kidogo kwenye paji na shavu, taa ndogo iwekwe kwa pembeni na nyuma, ukuta wa nyuma usiwe mweupe. Shangazi alinikubalia nipake korido rangi ya kijani iliyokolea kwa sharti kwamba nirudishe ilivyokuwa. Sijarudisha.

Fedha uliyobakiza iweke kwenye sauti. Picha mbovu watu huvumilia, sauti mbovu wanatoka. Nenda kwenye nyumba usiku bila waigizaji, washa rekoda, kaa. Mimi nilipata jenereta la mbali, mbwa, adhana ya alfajiri, bati linalojikunyua likipoa, na jirani anayekohoa. Kikohozi kile nimekiweka mara nne, kwa sababu kila kikitokea unakumbuka msaada uko karibu kiasi gani na kwamba haombi. Carpenter amesimulia kwamba mtu mmoja wa studio alipoonyeshwa filamu yake bila muziki hakuogopa hata kidogo, ndipo akautunga muziki mwenyewe kwa kinanda. Mimi kinanda sijui. Nina kikohozi.

Barua

Kibali cha kupiga filamu Tanzania kinatakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na wa kushughulika nao ni Bodi ya Filamu. Anza kwa kumwona Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza. Walioko Kenya waulizie mamlaka ya filamu ya kwao. Kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa barua yenye tarehe na saa. Kisha kituo cha polisi, nakala. Kisha, na hili halimo kwenye sheria yoyote, bodaboda wa kijiweni, mmoja mmoja, na mama wa vitumbua. Mara ya pili nilimwajiri yule bodaboda aliyepiga yowe awe mlinzi wetu wa nje. Hakuna aliyekuwa na sauti ya kumshinda, na ndiye anayesikika kwenye filamu akiitikia "Moto wapi? Moto wapi?"

Waonyeshe wenyewe

Usiwaonyeshe marafiki zako wapiga video, watakuambia habari za lenzi. Mimi nilikodi kibanda umiza Makorora Jumapili mchana, kabla ya mpira, nikakaa nyuma na daftari. Mahali ambapo watu wanamfokea stelingi "piga kelele wewe!" weka alama. Toleo la kwanza, lile la mtoto wa mwenye nyumba, walifoka kuanzia dakika ya tisa na hawakunyamaza. La pili walifoka mara moja, kabla ya kaka kuvua mzula. Baada ya hapo hakuna aliyefoka.

Siku hiyo nilimwomba yule dada wa kazi wa shangazi alete wenzake, wakaja saba, wakaketi benchi la mbele na pochi mapajani. Filamu ilipoisha watu walipiga makofi. Wao hawakupiga. Mmoja akageuka, akaniuliza kama naweza kumjibu swali.

"Huyu dada, mshahara wa mwezi ule alilipwa?"

Sikuwa nimewaza. Jumamosi iliyofuata tulirudi Kange tukapiga sekunde hamsini zaidi: asubuhi, ndoo za majirani bado zimejaa uani, mama mwenye nyumba mezani anahesabu noti, anasita, anatoa mbili, anarudisha moja.